KIWAMBO, KIOO NA KASORO: HISTORIA FUPI YA ISTILAHI ZA KOMPYUTA MPYA ILIYO NA DOSARI

Utangulizi

Mwundaji wa istilahi kwa kawaida huanza na kitu kizima. Hukipa jina chombo chenyewe, kisha sehemu zake, kisha kazi zake. Ni mara chache afikapo kwenye hatua ya nne, yaani majina ya namna chombo hicho kinavyoweza kuwa na upungufu. Hatua hiyo ya nne ndiyo tunayotaka kuijadili katika makala hii. Tutatumia mfano mmoja tu, nao ni kiwambo cha kompyuta mpakato iliyonunuliwa ikiwa mpya, kisha ikaonekana kuwa na dosari. Mahali tutakapopachukua kuwa kielelezo ni Makambako, mji wa Mkoa wa Njombe ambao tutaeleza punde kwa nini unafaa kwa mjadala huu.

Huenda msomaji akaona kwamba jambo lenyewe ni dogo. Lakini kwa mwalimu au karani, kompyuta mpakato huweza kuwa akiba ya miezi mingi, na mnunuzi asiyekuwa na neno la kuitajia dosari aliyoiona hana pa kuanzia kudai haki yake. Tutajaribu kuonyesha kwamba maneno yetu kuhusu kiwambo yametoka katika vyanzo vitatu vilivyokua mbalimbali: kwa watafsiri wa programu, kwa mafundi wa mitaani, na kwa watunga sheria. Vyanzo hivyo hukutana katika karatasi moja tu, yaani hati ya dhamana, na katika karatasi hiyo havielewani.

1. Chombo kilichochelewa kufika

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake bila kibali maalumu, na televisheni nazo zikaingia katika katazo hilo kwa upande wa Tanzania Bara. Zanzibar ilifuata njia nyingine. Mwezi Januari mwaka huo huo wa 1974 ilifungua kituo chake cha televisheni ya rangi, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na televisheni ya nyeusi na nyeupe, au hazina kabisa.

Yafaa kuukumbuka mwaka huo wa 1974 kwa sababu nyingine pia. Ndio mwaka ambao Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967, lilianza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Kwa hiyo kazi ya kusanifisha istilahi ilishika kasi katika kipindi kile kile ambacho chombo chenye kiwambo kilikuwa adimu nchini. Watu waliokuwa wakiunda istilahi hawakukiona chombo hicho mezani mwao, sembuse kukiona kikiwa kibovu.

Makambako inaonyesha jambo hili waziwazi. Mji huu umekaa pale ambapo barabara ya kwenda Njombe na Songea inachepuka kutoka barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipita hapo na kuacha stesheni. Maneno ya reli yalifika pamoja na reli yenyewe: stesheni, behewa, tiketi, mataruma. Mengi ya maneno hayo yalikuwa yamekwisha zoeleka tangu reli za wakati wa Wajerumani na Waingereza, kwa hiyo wananchi waliyapokea yakiwa tayari, na treni ilipoharibika walikuwa na namna ya kulieleza tatizo. Kiwambo hakikufika hivyo. Televisheni za Tanzania Bara zilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na masharti juu ya kompyuta yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, ambayo imetupatia kifupisho TEHAMA, ilitolewa mwaka 2003. Njombe nayo ikawa mkoa mwaka 2012, baada ya kugawanywa kutoka Iringa.

Leo kompyuta mpakato husafiri zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar es Salaam hadi Makambako, ama kwa basi ama ndani ya furushi la mfanyabiashara. Umbali huo una maana katika mjadala wetu. Mnunuzi aliyegundua dosari jioni nyumbani kwake hawezi kurudi kesho asubuhi kwa muuzaji wa Kariakoo na kumwonyesha kwa kidole. Hana budi kueleza kwa simu au kwa barua. Hapo ndipo istilahi inapohitajika, kwa sababu kidole hakitumwi kwa barua.

2. Kiwambo, skrini na kioo

Maneno matatu hushindana kuitaja sehemu ya kompyuta inayoonyesha picha na maandishi.

La kwanza ni kiwambo, ambalo wengine huliandika kiwamba. Asili yake ni kitenzi kuwamba, yaani kuvuta ngozi au kitambaa mpaka kikaze juu ya mzinga wa ngoma au juu ya fremu. Neno hili lilifaa sana kwa kitambaa cheupe cha sinema, kama kile kilichotumiwa na magari ya sinema ya wakati wa ukoloni, kwa maana kitambaa hicho kiliwambwa kwelikweli. Katika kompyuta hakuna ngozi wala kitambaa, lakini maana imepanuka bila kuharibika: ni uso uliotandazwa ndani ya fremu ili kupokea kitu. Watafsiri wengi wamelipenda neno hili.

La pili ni skrini, lililokopwa kutoka Kiingereza na kutoholewa. Lina faida ya kutambulikana upesi na mtu aliyeizoea mashine kwa Kiingereza.

La tatu, ambalo ndilo la dukani na mitaani, ni kioo. Fundi wa Makambako, sawa na fundi wa Mwanza au wa Mtwara, atakuuliza kama kioo ndicho kilicholeta matata. Neno hili ni la kale na kila mtu analifahamu, lakini lina dosari moja ambayo tutairudia hapo mbele. Kioo ni jina la kitu kinachovunjika kwa kuangushwa. Aidha, katika kompyuta mpakato nyingi uso wa mbele ni plastiki wala si kioo, na picha huzaliwa katika matabaka yaliyo nyuma yake.

Kuhusu chombo kizima, hali ni njema zaidi. Kutokana na kitenzi kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani, tumepata kompyuta mpakato. Ndugu zetu wa Kenya, ambao wengi wao hutumia tarakilishi badala ya kompyuta, wameunganisha mizizi miwili na kupata kipakatalishi. Maneno yote mawili yanaonyesha kwamba lugha ilikuwa na hazina ya kutosha mara tu mahitaji yalipotokea.

Mahitaji hayo yalisukumwa mbele na tafsiri ya programu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Baadaye kidogo Microsoft nayo ilitoa programu zake zikiwa na sura ya Kiswahili. Kazi hizo zilitupatia maneno mengi ya mambo yanayoonekana juu ya kiwambo, kama vile dirisha, faili na menyu. Lakini mtafsiri wa programu hutafsiri kile ambacho programu inasema, na programu haisemi kwamba kiwambo kina doa. Ndiyo sababu chanzo hiki cha kwanza, pamoja na utajiri wake, kilinyamaza juu ya kasoro.

3. Majina ya mafundi na ya watazamaji

Chanzo cha pili hakikunyamaza. Watu wa kawaida walipokutana na picha mbovu waliiita kwa majina waliyokuwa nayo. Mfano ulio bora kuliko yote ni chenga. Asili yake ni vipande vya mchele vilivyovunjika wakati wa kutwanga au kukoboa. Televisheni zilipoenea na mawimbi yakawa hafifu, uso wa televisheni ukajaa vitone vyeupe na vyeusi vinavyochezacheza, na watazamaji wakasema kwamba televisheni inaonyesha chenga. Hakuna kamati iliyoketi kuliamua neno hilo. Lilienea kwa sababu picha yake ni kamili, na kila aliyewahi kupepeta mchele aliielewa mara moja.

Hata hivyo yapasa tuseme kwamba chenga za televisheni si kasoro ya kiwambo. Ni upungufu wa mawimbi yanayopokewa. Televisheni yenyewe huenda ikawa nzima kabisa. Mtu anayesema kwamba kompyuta yake mpya ina chenga humfanya msikilizaji afikirie antena, ilhali tatizo lenyewe ni nukta chache zisizobadilika. Neno zuri limepelekwa mahali pasipo pake.

Majina mengine ya mafundi ni ya namna hiyo hiyo. Husemwa kwamba kioo kimekufa, yaani hakionyeshi kitu; kwamba kina mistari; kwamba kinacheza, yaani picha inatikisika au mwanga unazimika na kuwaka. Maneno haya ni hai na yanafaa kwa mazungumzo ya watu wawili walioinamia mashine moja. Upungufu wake huonekana pale yanapoandikwa. Kioo kufa kwaweza kuwa taa ya nyuma iliyozimika, au waya uliochomoka kwenye bawaba, au kiwambo chenyewe kilichoharibika. Kwa fundi ni mwanzo tu wa uchunguzi, lakini katika barua ya madai huwa ndiyo maelezo yote.

4. Kiwambo kinavyofanya kazi na kiasi cha kasoro kinachovumiliwa

Ili tuweze kutoa majina yanayofaa, hatuna budi kuueleza mwilisho wa kiwambo kwa ufupi. Nyuma yake kuna taa inayomulika muda wote. Mbele ya taa kuna tabaka jembamba la fuwele oevu, aina ya maada ambayo mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer aliichunguza mwaka 1888. Umeme unapozigusa fuwele hizo, hubadili namna zinavyoupitisha mwanga. Tabaka hilo limegawanywa katika pikseli, yaani chembe za picha, na kila pikseli ina chembe tatu ndogo za rangi: nyekundu, kijani na bluu. Kila chembe ina swichi yake ya umeme.

Kiwambo kilichozoeleka katika kompyuta za bei nafuu kina pikseli 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Hizo ni pikseli 1,049,088, na chembe za rangi 3,147,264. Kiwambo cha pikseli 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600, na chembe zake za rangi ni zaidi ya milioni sita. Swichi moja tu isipofanya kazi, chembe yake ama itabaki giza daima, ama itabaki inawaka daima.

Kwa kuwa ni ghali kutengeneza mamilioni ya swichi bila hata moja kuwa na ila, Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwaka 2001 kiwango namba ISO 13406-2, kilichoviweka viwambo katika madaraja manne. Daraja la kwanza halikuruhusu pikseli yoyote yenye kasoro. Daraja la pili liliruhusu, katika kila pikseli milioni moja, pikseli 2 zinazowaka daima, 2 zilizo giza daima, na kasoro 5 za chembe za rangi. Daraja la tatu liliruhusu 5, 15 na 50, na daraja la nne 50, 150 na 500. Mwaka 2008 nafasi ya kiwango hicho ilichukuliwa na viwango vya mfululizo wa ISO 9241, kuanzia sehemu ya 300. Lakini desturi ya kuhesabu ilibaki, na watengenezaji wengi wameendelea kuandika katika masharti yao idadi ya pikseli mbovu ambayo kwayo watakubali kubadilisha kiwambo.

Hapa pana somo kwa mtafsiri. Kwa mtengenezaji, nukta moja nyeusi haihesabiwi kuwa kasoro mpaka itimize idadi. Kwa mnunuzi, nukta hiyo ni kasoro tangu dakika aliyoiona. Hati ikitumia neno kasoro bila kueleza ni kasoro gani na ngapi, kila mmoja ataisoma kwa maana yake, na ugomvi hautakuwa na mwamuzi.

Hali kadhalika yapo mambo yanayofanana na kasoro lakini si kasoro. Asubuhi za mwezi Juni na Julai katika nyanda za Njombe ni za baridi kali, na fuwele oevu huwa nzito katika baridi. Kiwambo kinaweza kuacha kivuli nyuma ya kishale kinachotembea, kisha kikachangamka baada ya kupata joto. Hiyo ni tabia ya maada yenyewe.

5. Lugha ya sheria: sharti, dhamana na waranti

Chanzo cha tatu ni sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ilitungwa mwaka 1931 wakati wa utawala wa Waingereza, ikifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Ilitungwa kwa Kiingereza, na mawazo yake yamejengwa juu ya tofauti kati ya aina mbili za ahadi. Ahadi ya aina ya kwanza ni mhimili wa mkataba: ikivunjwa, mnunuzi ana haki ya kuikataa bidhaa. Ahadi ya aina ya pili ni ya pembeni: ikivunjwa, mnunuzi hulipwa fidia lakini hubaki na bidhaa yake. Ya kwanza twaweza kuiita sharti. Ya pili huitwa dhamana, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Neno dhamana limebeba mizigo mingi. Mahakamani, dhamana humtoa mshtakiwa rumande. Benki, dhamana ni nyumba au shamba linalowekwa ili mtu apate mkopo. Hazina huuza dhamana za Serikali. Kiongozi naye hukabidhiwa dhamana, yaani madaraka. Dukani, dhamana ni ahadi ya mtengenezaji kwamba atakarabati au kubadilisha bidhaa katika muda fulani. Kwa kukimbia msongamano huo, baadhi ya wauzaji husema waranti. Lakini mtumishi wa Serikali anaijua waranti kuwa ni hati ya kusafiria kwa gharama ya mwajiri, na polisi anaijua kuwa ni hati ya kumkamata mtu. Tumekwepa neno lenye maana nyingi tukaangukia jingine la namna hiyo hiyo.

Sheria hiyo ina dhana nyingine inayomsumbua mtafsiri. Inataka bidhaa iuzwayo na mfanyabiashara iwe na ubora ambao, tukitafsiri neno kwa neno, tungeuita ubora wa kuuzika. Lakini kuuzika kwa Kiswahili ni kuweza kupata mnunuzi, na kompyuta yenye mstari katikati ya kiwambo inauzika, mradi bei ishuke. Waingereza wenyewe waliliacha neno lao la zamani mwaka 1994, wakaweka dhana ya ubora wa kuridhisha, ambayo inahesabu hata sura ya bidhaa na kutokuwa na kasoro ndogondogo. Sisi tunaona kwamba mtafsiri wa Kiswahili atafanya vyema kusema ubora unaostahili bei na maelezo ya bidhaa, kuliko kung'ang'ania kuuzika.

Isitoshe, sheria hiyo husema kwamba mnunuzi aliyeichunguza bidhaa kabla ya kununua hawezi kulalamikia kasoro ambazo uchunguzi huo ungezibainisha. Kwa hiyo tofauti kati ya kasoro iliyo wazi na kasoro iliyofichika ina uzito wa fedha. Mtu aliyewashiwa kompyuta dukani akaitazama anaweza kuambiwa kwamba mstari mwekundu aliuona. Lakini nukta moja inayowaka katika giza, ambayo haionekani ila kiwambo kikiwa cheusi chote, ni vigumu kusema kwamba ilikuwa wazi.

Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, iliongeza ulinzi wa mlaji, ikagusa masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mikataba ya walaji hata kama hayakuandikwa, na wajibu wa watengenezaji. Tume ya Ushindani iliundwa kwa sheria hiyo. Hatua kubwa kwa upande wa lugha ilikuja mwaka 2021, wakati Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 1 ya mwaka huo ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Tangu hapo, neno la Kiswahili katika shauri la kompyuta mbovu laweza kuwa ndilo neno litakalopimwa mbele ya hakimu.

6. "Kimeharibika" au "kina kasoro"?

Sasa tumefika kwenye kiini cha hoja yetu. Tuseme mwalimu wa Makambako amenunua kompyuta mpakato. Siku ya pili anaona nukta tatu nyeusi zisizobadilika. Anamwandikia muuzaji: "Kioo cha kompyuta niliyonunua kwenu kimeharibika." Kwa masikio ya kawaida sentensi hiyo haina ubaya wowote. Lakini tuichambue.

Kwanza, amesema kioo, kitu ambacho kila mtu anajua kwamba huharibika kwa kuangushwa au kugandamizwa. Pili, ametumia kiambishi -me-, ambacho kwa kitenzi cha namna hii huonyesha kwamba hali imegeuka: kilikuwa kizima, na sasa si kizima. Tatu, ametumia kauli ya kutendeka, -ik-, ambayo haimtaji mtenda. Muuzaji anayeisoma barua hiyo ana haki ya kuielewa hivi: kioo kilitoka dukani kikiwa kizima, kisha kikaharibika kikiwa mikononi mwa mwalimu, kwa sababu asiyotaka kuitaja. Na karibu kila hati ya dhamana husema kwamba haihusiki na uharibifu uliotokea mikononi mwa mnunuzi. Mwalimu ameshindwa kwa maneno yake mwenyewe kabla shauri halijaanza.

Lau angaliandika "Kiwambo cha kompyuta niliyonunua kwenu kina kasoro: pikseli tatu ni giza daima tangu nilipoiwasha mara ya kwanza," angalikuwa amesema jambo jingine kabisa. Neno kasoro halisemi kwamba kitu kiligeuka. Husema kwamba kimepungukiwa. Twalijua kutokana na saa: tukisema saa mbili kasoro robo, hatusemi kwamba saa mbili imeharibika, bali kwamba hatujaifikia. Kiwambo chenye kasoro ni kiwambo ambacho hakikufikia kuwa kile kilichoahidiwa.

Kiswahili kina maneno kadhaa katika uwanja huu, na watu huyatumia kwa kubadilishana. Lakini matumizi ya kila siku yameanza kuyatenganisha yenyewe. Magazeti huandika kwamba moto umesababishwa na hitilafu ya umeme, wala hayaandiki kasoro ya umeme, kwa kuwa hitilafu ni kuenda kombo kwa kitu kinachofanya kazi. Uharibifu humfikirisha mtu juu ya mkono uliotenda. Uchakavu ni kazi ya muda. Kazi ya wasanifishaji ni kuiona njia ambayo wananchi wamekwisha ianza, na kuitia alama.

7. Mapendekezo

Kwa kufuata hoja hizo, tunawaomba watafsiri, walimu na watumishi wa Serikali wazifikirie istilahi zifuatazo:

Kiwambo: sehemu nzima inayoonyesha picha, pamoja na matabaka yake na taa yake.

Kioo cha kiwambo: uso wa mbele tu, endapo kweli ni wa kioo. Neno kioo lisitumike peke yake katika hati.

Pikseli: chembe moja ya picha. Neno nukta litumike kuieleza, lisiwe istilahi yake, kwa sababu nukta tayari ni alama ya uandishi na kipimo cha muda.

Pikseli mfu: pikseli iliyo giza daima.

Pikseli iliyokwama: pikseli inayowaka kwa rangi moja daima. Tumeacha kuganda kwa sababu watumiaji huitumia kwa kompyuta nzima isiyoitikia amri.

Mvujo wa mwanga: mwanga wa taa ya nyuma unaopenya kwenye kingo wakati kiwambo ni cheusi.

Mpepeso: kuzimika na kuwaka kwa mwanga upesiupesi, kutokana na kupepesa macho.

Kasoro: upungufu uliokuwamo katika bidhaa kabla haijamfikia mnunuzi. Kasoro ya wazi huonekana kwa uchunguzi wa kawaida wa dukani. Kasoro iliyofichika haionekani kwa uchunguzi huo.

Hitilafu: kuenda kombo kwa chombo wakati wa matumizi ya kawaida.

Uharibifu: dosari iliyoletwa na tendo la mtu au ajali baada ya mauzo.

Uchakavu: kupungua kwa ubora kutokana na muda na matumizi.

Dhamana ya bidhaa: ahadi ya mtengenezaji au muuzaji juu ya ubora wa bidhaa kwa muda uliotajwa. Maneno haya mawili yasitenganishwe katika hati.

Tunashauri pia kwamba hati ya dhamana ya bidhaa kwa Kiswahili itaje idadi ya pikseli zinazovumiliwa, na iseme namna ya kuchunguza. Namna hiyo ni nyepesi. Kiwambo kizima kifanywe cheupe, kisha cheusi, chekundu, kijani na bluu, kimoja baada ya kingine. Juu ya weupe huonekana pikseli mfu. Juu ya weusi huonekana zilizokwama na mvujo wa mwanga. Na rangi tatu hubainisha chembe zenye ila. Kazi hiyo haichukui dakika tano, na yafaa ifanyike mbele ya muuzaji, matokeo yake yakaandikwa katika stakabadhi.

Hitimisho

Katika historia hii tumeona watafsiri wa programu wakitupatia maneno ya kiwambo kizima, mafundi wakitupatia maneno ya kiwambo kibovu, na sheria ikituachia dhana za madai zilizozaliwa katika lugha nyingine. Kila kundi lilifanya kazi yake kwa uaminifu, lakini mnunuzi hulazimika kuzitumia lugha zote tatu kwa siku moja, tena kwa barua moja.

Walimu wanayo nafasi ya kwanza ya kulirekebisha jambo hili. Somo la uandishi wa barua rasmi ni la kawaida katika shule zetu, na barua ya kumlalamikia muuzaji inafaa kuwa miongoni mwa mazoezi yake. Mwanafunzi aliyejifunza tofauti kati ya kimeharibika na kina kasoro amejifunza sarufi, na siku atakaponunua kompyuta yake Makambako ataweza kuandika barua isiyomshinda mwenyewe.